Linux na uhai wa michezo ya kale ya tarakilishi

MNAMO Desemba 23, 1997, kampuni ya id Software yenye makao yake katika jimbo la Texas, Marekani, ilifanya jambo ambalo wauzaji wengi wa programu wangalilihesabu kuwa wazimu. Iliuweka hadharani msimbo wa mchezo wa Doom, yaani maagizo yote ya programu kama yalivyoandikwa na waundaji wake, ili yeyote apendaye ayasome na kuyarekebisha. Doom, mchezo wa kupambana na mazimwi uliotoka Desemba 1993, ulikuwa tayari miongoni mwa michezo mashuhuri mno ya tarakilishi duniani.

Jambo lisilokumbukwa na wengi ni kwamba toleo lililofunguliwa halikuwa lile la DOS lililouzwa madukani, bali la Linux. Sababu ilikuwa ya kisheria. Toleo la DOS lilitegemea programu ya sauti iliyotoka kwa mwandishi mwingine, na id haikuwa na idhini ya kugawa mali ya mtu. Toleo la Linux, ambalo Dave Taylor alikuwa ameliandaa mnamo 1994, halikuwa na kifungo hicho. Hivyo basi, mfumo ambao wachezaji wengi wa siku hizo hata hawakuufahamu ndio uliokuwa mlango ambao Doom ulipitia kuenda kwingineko.

Leseni ya awali ilikataza biashara. Mwaka 1999 ikabadilishwa na msimbo huo ukawekwa chini ya GPL, leseni iliyotungwa na Richard Stallman mwaka 1989, na ambayo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliichagulia Linux mwaka 1992. GPL humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuinakili, kuibadilisha na hata kuiuza, almuradi atakapoigawa awape wapokeaji msimbo wake pamoja na haki zizo hizo. Quake ulifuata Desemba 1999, Quake II mwaka 2001, Quake III Arena mwaka 2005 na Doom 3 mwaka 2011. Mhimili wa desturi hiyo alikuwa John Carmack, mwandishi mkuu wa msimbo wa id.

Hapa ndipo wageni wengi wa Linux hukwama. Mchezo wa tarakilishi una sehemu mbili. Ya kwanza ni injini, yaani programu inayochora vyumba, kusogeza maadui na kusikiliza vidole vya mchezaji. Ya pili ni data: picha, sauti, muziki na ramani. Kilichofunguliwa mwaka 1997 ni injini pekee. Data ya Doom, inayohifadhiwa katika faili ambayo jina lake huishia kwa herufi WAD, ingali mali ya wenyewe hadi leo. Anayepachika injini bila faili hiyo ni sawa na aliyenunua redio ya kaseti asiwe na kaseti hata moja.

Kiingereza hutatizika katika jambo hili kwa kuwa hutumia neno moja kwa mambo mawili. Kiswahili kina maneno mawili, bure na huru, na tofauti yake ni kubwa. Sehemu ya kwanza ya Doom, yenye ngazi tisa, imekuwa ikigawiwa bure tangu 1993. Hata hivyo, haiko huru: yaruhusiwa kunakiliwa lakini si kubadilishwa.

Pengo hilo ndilo lililozaa mradi wa Freedoom. Watu wa kujitolea walianza kuchora upya kila kitu, kuanzia kuta na silaha hadi mazimwi na muziki, wakivipanga kwa muundo ule ule wa faili ili injini za Doom zivisome bila shida. Kazi yao hutolewa kwa leseni huru, na toleo la 0.13 lilitoka Januari 2024. Wapo wanaonung'unika kwamba mazimwi hayo hayatishi kama yale ya kale na kwamba baadhi ya ramani hazina mvuto. Manung'uniko hayo si ya uongo. Lakini yasisahaulishe thamani halisi ya mradi: ramani nyingi zilizobuniwa na mashabiki kwa miongo mitatu zaweza kuchezwa na mtu ambaye hajanunua wala kuiba chochote.

Safari ya OpenTTD ilikuwa ngumu zaidi, maana mwenye mchezo hakufungua chochote. Mskoti Chris Sawyer alitoa Transport Tycoon Deluxe mwaka 1995, mchezo wa kujenga reli, barabara na viwanja vya ndege na kuviendesha kwa faida. Sehemu kubwa ya msimbo wake aliiandika kwa lugha iliyo karibu mno na lugha ya mashine, na kwa hivyo haikuwa rahisi kuuhamishia kwingine. Msweden Ludvig Strigeus aliichambua programu hiyo na kuiandika upya kwa lugha ya C, akaitoa Machi 2004. Kwa miaka sita aliyeitaka alilazimika kwanza kuwa na faili za diski ya asili. Ni mwezi Aprili 2010, toleo la 1.0 lilipotoka, ndipo picha, sauti na muziki vilivyotengenezwa na mashabiki vilipotosha kuuendesha mchezo wote bila diski hiyo.

Strigeus huyo huyo, akishirikiana na Vincent Hamm, ndiye aliyeanzisha ScummVM mwaka 2001. Programu hiyo ilianza kwa kusoma faili za michezo ya visa na mafumbo ya kampuni ya LucasArts, mathalan The Secret of Monkey Island wa mwaka 1990, kisha ikaendelea kukumbatia michezo ya kampuni nyingine nyingi. Diski ikiwa ingali nzima, mchezo hufufuka. Isitoshe, kampuni ya Uingereza ya Revolution Software iliwapa wasanifu wa ScummVM msimbo wa Beneath a Steel Sky wa mwaka 1994, na mwaka 2003 ikaruhusu mchezo wenyewe ugawiwe bila malipo. Anayetumia Debian au Ubuntu huupata wote kwa mstari mmoja katika dirisha la amri:

sudo apt install scummvm beneath-a-steel-sky

Debian, kwa njia, ni mwalimu mzuri wa somo hili. Ghala lake kuu, liitwalo main, huweka programu zilizo huru kikamilifu. Programu iliyo huru lakini isiyoweza kufanya kazi bila kitu kisicho huru hutengwa katika ghala la contrib. Mchezo ukiwa huko, mtumiaji ajue mapema kwamba data ataitafuta mwenyewe.

Lakini je, ataitafuta wapi? Uchunguzi uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya michezo hiyo, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Mitandaoni mna tovuti chungu nzima zinazoigawa michezo hiyo kwa hoja kwamba wenyewe wameitelekeza. Hoja hiyo haina mguu katika sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzihesabu programu za tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi, na kazi hizo hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kampuni kufunga milango hakuufanyi mchezo kuwa mali ya umma. Kwa mwendo huo, diski zitaoza na kutosomeka kitambo kabla ya ulinzi wa sheria kwisha, na asiye na haki ya kunakili hana njia halali ya kuziokoa.

Biashara nayo ilijaribu bahati yake. Kampuni ya Loki Software, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Scott Draeker, ilihamishia katika Linux michezo ya madukani kama vile Civilization: Call to Power, ikafungwa Januari 2002. Kilichosalia ni SDL, maktaba ya msimbo ya kushughulikia picha, sauti na vitufe, ambayo iliandikwa na Sam Lantinga, mmoja wa wafanyakazi wake. Kwa kuwa ilikuwa huru, haikuzikwa pamoja na kampuni, na ScummVM ni mojawapo ya programu nyingi zinazoitegemea.

Ipo pia michezo iliyozaliwa huru. Mkongwe wao ni NetHack wa mwaka 1987, ambao hauhitaji picha hata moja: shujaa ni alama ya @, wanyama wakali ni herufi za alfabeti, na azma yake ni kuitwaa hirizi ya Yendor kutoka kina cha pango. Akifa amekufa, huanza upya. Baada ya toleo la Desemba 2003 waandishi wake walikaa miaka 12 bila kutoa lingine rasmi. Mchezo wa kampuni ungalisahaulika. NetHack haukusahaulika, kwani msimbo ulikuwa mikononi mwa wachezaji, nao waliendelea kuurekebisha na kubuni matawi yake. Wanaopenda mapambano ya zamu kwa zamu, kwa mtindo wa sataranji, wanao The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003.

Michezo hii haihitaji mashine ya bei ghali. Doom wa 1993 uliridhika na kumbukumbu ya megabaiti nne, na tarakilishi kuukuu ya mtumba inayoweza kuendesha Linux ya leo haitashindwa nao.

Kwa michezo ya Windows, ipo Wine, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Proton, iliyojengwa na kampuni ya Valve juu ya Wine na kutolewa Agosti 2018. Kwa wingi wa michezo hakuna kinachozishinda. Hata hivyo, zinachoendesha bado kimefungwa, na mwenyewe akikiondoa sokoni hakuna wa kukitengeneza.

Kampuni nyingine kubwa zimeanza kulegeza mkono. Februari 2025, Electronic Arts iliufungua kwa leseni ya GPL msimbo wa michezo kadhaa ya Command & Conquer, ukiwemo Generals. Kama ilivyokuwa kwa Doom, picha na sauti zake hazimo.

Anayemiliki diski halali ya Doom anakili faili ya WAD hadi katika folda ya /usr/share/games/doom, kisha aangalie herufi za jina lake. Faili za DOS aghalabu huandikwa kwa herufi kubwa, na kwa Linux DOOM.WAD na doom.wad ni faili mbili tofauti. Injini isipoiona faili iliyo mbele ya macho yake, jina liandikwe upya kwa herufi ndogo.