Majimaji ya Songea: Mataji matatu na vidonda ambavyo mashabiki wa Mbinga na Nyasa hawajavisahau

MUULIZE shabiki wa soka wa makamo katika mji wa Mbinga, au mvuvi mzee anayeanika dagaa kwenye mchanga wa Mbamba Bay, akutajie timu ya mkoani iliyowahi kuwa bingwa wa Tanzania. Hatachelewa kujibu. Atasema ni Majimaji, na kabla hujamuuliza swali la pili atakuwa amekwisha kutaja miaka: 1985, 1986 na 1998.

Hata hivyo, shabiki huyo huyo akipewa orodha ya mabingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara anaweza kuipitia kutoka juu hadi chini asilione jina la timu yake. Wajukuu wake, ambao wameikuta timu hiyo ikiwa nje ya Ligi Kuu, wanaweza hata kudhani kwamba babu yao anawapigia hadithi.

Babu hasemi uongo. Mataji hayo yapo. Ila ni ya Ligi ya Muungano, mashindano ambayo kwa miaka mingi ndiyo yaliyotoa bingwa wa nchi nzima, na ambayo leo yanakumbukwa zaidi na waliosikiliza mechi zake kuliko waliozaliwa baadaye.

JINA LENYE HISTORIA

Majimaji ina makao yake Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, na hutumia uwanja wenye jina hilo hilo. Jina linatokana na Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambapo makabila ya kusini mwa nchi yalisimama dhidi ya utawala wa Wajerumani. Februari 27, 1906 mashujaa wengi wa Kingoni walinyongwa mjini Songea, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa mjini humo.

Kwa hiyo timu ilipojitwalia jina hilo ilibeba zaidi ya jezi na mpira. Mashabiki wake waliongeza la kwao, wakaiita Wanalizombe, kwa maana ya watu wa lizombe, ngoma maarufu ya Wangoni. Ngoma hiyo iliwahi kurindima majukwaani kabla ya mechi na baada ya ushindi.

Ingawa lizombe ni ya Wangoni, timu haikuwa ya Wangoni peke yao. Wamatengo wa milima ya Mbinga, wakulima wa kahawa na wastadi wa kilimo cha ngoro, waliihesabu kuwa yao. Wanyasa wa mwambao, wenye ngoma zao za mganda na kioda, nao waliihesabu kuwa yao. Ilikuwa timu ya mkoa, na katika mkoa ulio mwishoni mwa nchi, unaopakana na Msumbiji upande wa kusini na kutazamana na Malawi ng'ambo ya ziwa, timu ya mkoa lilikuwa jambo la heshima.

LIGI MBILI, MABINGWA WAWILI

Chimbuko la utata wa mataji ya Majimaji ni mfumo wa soka wa wakati huo. Kuanzia mwaka 1982, Tanzania ilikuwa na ligi ya Bara, ligi ya Zanzibar na juu yake Ligi ya Muungano, ambayo ilizikutanisha timu zilizofanya vizuri pande zote mbili. Bingwa wa Muungano ndiye aliyepewa nafasi ya kuiwakilisha nchi katika michuano ya Klabu Bingwa Afrika.

Pan African ya Dar es Salaam ilikuwa bingwa wa kwanza. KMKM ya Zanzibar ilifuata nyayo hizo mwaka 1984. Mwaka 1985 kombe likapanda milima na kwenda Songea, na mwaka uliofuata likabaki huko huko.

Mwaka 1986 unaeleza vizuri jinsi mambo yanavyochanganya. Bingwa wa Bara alikuwa Tukuyu Stars ya Mbeya, timu iliyowashangaza wengi kwa kutwaa taji katika msimu wake wa kwanza daraja la juu. Bingwa wa Muungano alikuwa Majimaji. Anayesema Tukuyu Stars ndiyo iliyokuwa bingwa mwaka ule yuko sahihi, na anayesema ni Majimaji yuko sahihi pia. Ubishi wa namna hiyo umewahi kuwatenganisha marafiki vilabuni kwa siku kadhaa.

Ikumbukwe kuwa miaka hiyo nyanda za juu kusini zilikuwa na neema ya soka isiyo ya kawaida. Mabingwa wote wawili wa mwaka 1986 walitoka katika mikoa ambayo Dar es Salaam iliitazama kama ya mbali.

Baada ya ukame wa miaka kumi na miwili, Majimaji iliibuka tena na kutwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1998. Mwaka uliofuata taji likaenda Prisons ya Mbeya. Zanzibar ilipopata uanachama wake katika Shirikisho la Soka Afrika (CAF) mwaka 2004 na kuanza kupeleka wawakilishi wake yenyewe, ligi ya Muungano haikuwa tena na kazi ya kufanya. Mashindano yenye jina la Muungano yalirejeshwa mwaka 2024, safari hii kama kombe la siku chache, na Simba ikalitwaa kwa kuifunga Azam.

Ligi ilipokufa, mataji yake yalibaki bila mwenyewe. Waandaaji wa orodha za mabingwa wa Bara hawakuwa na sababu ya kuyaweka, na hivyo ndivyo timu iliyowahi kuwa juu ya Tanzania nzima ilivyoanza kutoweka katika kumbukumbu za taifa.

MPIRA WA KUSIKIA

Wengi wa wanaoyakumbuka mataji ya miaka ya 1980 hawakuyaona, waliyasikia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo shabiki wa Mbinga au Liuli alitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary ndizo zilizokuwa macho yake.

Kwenda uwanjani kulikuwa jambo jingine. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilometa 66, na kutoka Mbinga hadi Songea ni takriban kilometa 100. Kabla ya lami, njia hiyo ilipita kwenye kona kali za milima na utelezi wa udongo mwekundu. Nyakati za mvua, lori lililobeba abiria juu ya magunia lingeweza kukwama na kuwafikisha mashabiki wakati mpira umekwisha kumalizika. Wakazi wa vijiji vya mwambao kama Lundu na Liuli walikuwa pia na meli, lakini meli haikuwapeleka Songea.

Ndiyo maana redio ya mbao ilikuwa na nafasi yake katika kila kumbukumbu. Betri zilihifadhiwa kwa ajili ya siku ya mechi, na zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kufika dakika ya tisini. Watu walikusanyika nyumba moja au duka moja. Anayetangaza akipaza sauti, wote walinyanyuka. Mawimbi yakikatika wakati wa kona, waliosikiliza walibaki wakibishana kama ni bao au siyo, hadi sauti iliporudi.

Mpira wa namna hiyo una athari zake. Kila msikilizaji alijitengenezea picha yake ya bao lile lile, na baada ya miaka arobaini picha hizo hazifanani. Mmoja atasema lilifungwa kwa kichwa, mwingine kwa shuti la mbali. Wote watakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kombe lilikuja Songea.

MOYO WENYE TIMU MBILI

Shabiki wa Ruvuma, kama Mtanzania mwingine yeyote, ana Simba au Yanga moyoni mwake. Furaha na machungu ya vigogo hao ni yake pia. Wapo Mbinga wanaoikumbuka Novemba 1993, pale Simba ilipofungwa 2-0 na Stella Abidjan ya Ivory Coast jijini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la CAF, baada ya kutoka suluhu ugenini na taifa zima kuamini kuwa kombe limekwisha kupatikana. Miaka thelathini baadaye yakawafika Yanga. Mwaka 2023 walifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakaenda Algeria na kushinda 1-0, lakini kombe likawaponyoka kwa sheria ya mabao ya ugenini.

Tatizo lilikuwa pale vigogo hao walipopanda kwenda Songea. Siku hiyo shabiki alilazimika kuchagua. Wapo waliovaa nyekundu au kijani bila aibu, na wapo walioiweka kando timu ya Dar es Salaam kwa dakika tisini na kuwa Wanalizombe. Familia moja iliweza kukaa pande mbili za uwanja na kurudi nyumbani kwa gari moja bila kusemezana.

KUPANDA NA KUSHUKA

Vidonda vya karne hii vinatokana na neno moja, kushuka daraja. Majimaji ilirejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2009/10 na ikafanikiwa kubaki. Msimu uliofuata, ambao Yanga na Simba zilitenganishwa na tofauti ya mabao katika mbio za ubingwa, Majimaji ilikuwa mkiani na ikashuka pamoja na AFC ya Arusha.

Ilichukua miaka minne kurudi. Msimu wa 2015/16 ilipanda tena, ikanusurika chini ya kocha Kally Ongala, mshambuliaji wa zamani wa Yanga na Azam, katika msimu ambao timu zote tatu za Tanga, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka kwa pamoja. Msimu wa 2016/17 ikanusurika kwa mara nyingine. Mashabiki walikwisha kuzoea kumaliza kila msimu wakiwa na kalamu na karatasi, wakipiga hesabu za pointi za timu nyingine.

Msimu wa 2017/18 hesabu zilikataa. Mechi ya mwisho, Mei 2018, ilichezwa Songea dhidi ya Simba iliyokuwa imekwisha kutwaa ubingwa wake wa kwanza tangu mwaka 2012. Siku moja, uwanja mmoja, wakawapo waliokuja kusherehekea na waliokuja kuzika. Majimaji ilishuka pamoja na Njombe Mji. Hadi kumalizika kwa msimu wa 2024/25, Mkoa wa Ruvuma haukuwa na timu nyingine katika Ligi Kuu.

KWA NINI MIKOA ILIFIFIA

Majimaji si pekee iliyopatwa na mkasa huu. Tukuyu Stars, Pamba ya Mwanza iliyotwaa Muungano mwaka 1990 na Coastal Union iliyokuwa bingwa mwaka 1988 zote zimeonja kukaa nje ya Ligi Kuu. Tangu Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, ilipotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, hakuna timu ya nje ya Dar es Salaam iliyoutwaa hadi mwaka 2025. Mabingwa wamekuwa Simba, Yanga na, mara moja mwaka 2014, Azam.

Sababu hazihitaji darubini. Katika miaka ya 1980 timu za mikoani zilisimama kwa nguvu za serikali za mikoa, mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mchezaji aliweza kupewa ajira na kucheza mpira bila kuhama kwao. Mashirika yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya 1990, nguzo hizo zilianguka. Soka likawa la fedha za wafadhili na haki za matangazo, na fedha hufuata wingi wa mashabiki. Timu iliyo takriban kilometa 950 kutoka Dar es Salaam hutumia sehemu kubwa ya kidogo ilicho nacho barabarani na katika nyumba za kulala wageni. Kijana mwenye kipaji kutoka Mbinga au Nyasa, akionekana tu, huondoka.

KUMBUKUMBU ZISIZO NA KABATI

Barabara ya lami sasa inafika Mbamba Bay, na tangu mwaka 2012 mwambao una wilaya yake, Nyasa. Safari iliyomchukua babu siku nzima juu ya lori, mjukuu anaweza kuimaliza kwa saa chache. Lakini mjukuu huyo akifika Songea hakuti timu ya Ligi Kuu ya kuitazama. Jioni hubaki katika kibanda cha video, akiwa na jezi ya klabu ya Dar es Salaam au ya Uingereza.

Klabu kubwa zina makumbusho, vitabu na picha za video za kuthibitisha kila zinachodai. Ubingwa wa Majimaji wa 1985 na 1986 unategemea magazeti ya zamani na midomo ya watu ambao mdogo wao kabisa amekaribia miaka hamsini. Kila mwaka idadi yao inapungua, na kila anayeondoka huenda na bao lake alilolisikia redioni.

Hivyo basi, shabiki wa Mbinga anapotaja miaka ile mitatu bila kuulizwa, si majigambo tu. Anajua kwamba asipoisema yeye, orodha haitaisema.