Uzibaji wa Vipambo vya Kalamu za Resini

Uzibaji wa vipambo ni hatua ya kukipaka au kukinywesha kitu cha mapambo, kama vile punje ya kahawa, koni ya msonobari, ua kavu, kitambaa au karatasi, dutu inayofunga vinyweleo vyake kabla hakijamiminiwa resini. Resini ni majimaji ya kikemikali ambayo, yakichanganywa na kigandishi chake, hugeuka kuwa kitu kigumu kinachoweza kung'aa kama kioo. Katika ufundi huu humiminwa ndani ya kalibu ili kupata mche wa kalamu, yaani kipande kirefu cha pembe nne, mfano wa mche mwembamba wa sabuni, chenye upana wa takriban milimita 19 na urefu wa takriban milimita 130, ambacho hutobolewa katikati, hutiwa mrija wa shaba kwa gundi, kisha hukerezwa kwenye keezo hadi kiwe mwili wa kalamu.

Sababu za kuziba

Kipambo huingia katika kalibu kikiwa na hewa, maji, mafuta au rangi isiyotulia, na kila kimoja kati ya hivyo huiharibu resini kwa namna yake. Hewa iliyojificha katika magamba ya koni au ndani ya ganda la mbegu hutanuka resini inapopata joto la kuganda, ikatoka polepole na kunaswa kama viputo. Maji yana madhara makubwa zaidi katika resini ya poliurethani, kwa kuwa isosianati iliyomo humenyuka nayo na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi, hata mti unaoonekana mkavu ukaweza kuzungukwa na povu. Mafuta hudhoofisha mshikamano kati ya kipambo na resini. Aidha, miti ya jenasi ya Dalbergia, ambamo mpingo unaochongwa na Wamakonde umo, ina kemikali za asili zinazoweza kuchelewesha au kuzuia kuganda kwa resini ya poliesta, na hivyo tabaka linalogusana na mti hubaki laini na lenye kunata. Ama rangi, karatasi isiyozibwa hunywa resini, nyuzi zake zikapitisha mwanga na maandishi ya upande wa pili yakajitokeza, ilhali stairini iliyomo katika poliesta huweza kuyeyusha baadhi ya wino na plastiki.

Ukaushaji

Uzibaji hutanguliwa na ukaushaji, kwa sababu kipambo kibichi kikizibwa, maji hufungiwa ndani na hayana tena pa kutokea. Vipande vya mti na koni huwekwa katika joko lenye joto la kuzidi kidogo nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 24 au zaidi, navyo hupimwa uzito mara kwa mara hadi uzito uache kupungua. Maua na manyoya, yasiyostahimili joto hilo, hukaushwa kwa chembe za silika zinazofyonza unyevu. Kipambo kilichotoka jokoni huachwa kipoe ndani ya chombo kilichofunikwa, la sivyo hufyonza tena unyevu wa hewani, jambo ambalo katika miji ya pwani hutokea upesi.

Kupaka na kunywesha

Kuna njia mbili za kuziba. Ya kwanza ni kupaka, ambapo utando mwembamba hufunika uso tu. Karatasi, kwa mfano stempu za posta, hupakwa gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili pamoja na kingo, kisha huachwa ikauke kabisa, kwa kuwa gundi hiyo yenyewe ina maji. Miti yenye mafuta hupakwa sheleki, utomvu wa mdudu aitwaye Kerria lacca unaoyeyushwa katika spiriti, na inayopendelewa ni ile iliyoondolewa nta, kwani nta hudhoofisha mshiko wa tabaka linalofuata. Punje na mbegu ngumu hudondoshewa supagluu nyepesi inayopenya katika nyufa. Lakini gundi hiyo haifai kumwagwa kwa wingi juu ya kitambaa cha pamba kama kanga, kwa sababu ikigusana na pamba huganda ghafla kwa joto kali na moshi unaochoma macho, hivyo kitambaa ni afadhali kipakwe gundi nyeupe au epoksi nyembamba.

Njia ya pili ni kunywesha, nayo huwafaa wale wanaotumia vitu vyenye mashimo au vinavyomong'onyoka, kama koni, gunzi la mahindi na mti uliooza. Kipambo hutumbukizwa katika resini nyepesi ya methakrilati ndani ya chombo ambacho hewa yake hutolewa kwa pampu ya ombwe. Viputo vikikoma, hewa hurudishwa, nayo huisukuma resini hadi kiini, kisha kipambo hutiwa jokoni kwa joto la karibu nyuzi 90 ili resini iliyonywewa igande.

Shinikizo na ukerezaji

Mafundi wengi humimina resini kisha huiweka kalibu katika chungu cha shinikizo, kwa kawaida kati ya pauni 40 na 60 kwa inchi ya mraba, hadi resini igande. Shinikizo huvibana viputo hadi visionekane, lakini halikaushi unyevu wala haliondoi mafuta, na kipambo chenye uwazi ndani kilichopakwa juu tu kinaweza kupasuka utando wake na kuingiza resini upande mmoja.

Tofauti ya njia hizo mbili hudhihirika kwenye keezo. Patasi hukata resini na kipambo kwa pamoja, hivyo utando uliopakwa nje huondoka na moyo wa punje ya kahawa au wa koni ukabaki wazi, mkavu na wenye vishimo. Kilichonyweshwa hadi kiini hukatika safi. Kilichopakwa tu huhitaji kusimamishwa ukerezaji, kudondoshewa supagluu katika vishimo na kupigwa msasa upya kabla ya kung'arishwa.