Masasi, Newala na njia zinazoishia ukutani

Wadau, leo twende Kusini kidogo.

Ukiingia Masasi unapokewa na yale majabali, halafu mji uliojinyoosha kando ya barabara kuu. Sasa acha lami, ingia ndani. Hufiki mbali, njia inakufia kwenye ua wa mtu. Kulikoni?

Turudi nyuma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta Masasi watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Wakajenga kijiji cha pamoja. Kule juu Newala, Wamakonde waliishi wametawanyika vichakani, mbali na wavamizi. Maji yalikuwa chini ya mteremko, na akina mama waliyapandisha kichwani. Vijia vilikuwa vingi, vinakutana na kuachana. Kimoja kikiziba, unapita kingine.

Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Huku mpakani, vita vya ukombozi wa Msumbiji navyo viliwasukuma watu kukaa pamoja. Nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, ili shule na zahanati ziwe karibu. Nia ilikuwa njema, ila kijiji kikawa kama kamba: kina mbele na nyuma, hakina ubavu.

Watu wakaongezeka. Kama ilivyo katika miji yetu mingi, mashamba nyuma ya ule mstari yakaanza kukatwa viwanja. Kila muuzaji anaacha kichochoro cha kufika kwake tu. Cha jirani hakimhusu!

Tusidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2020 watafiti Barrington-Leigh na Millard-Ball walionyesha kwamba tangu 1975 mitaa mipya sehemu nyingi za dunia imezidi kutounganika. Tofauti ni kwamba Marekani mitaa isiyotokea ilichorwa makusudi kwa wenye magari. Kwetu imejichora yenyewe, na wengi tunatembea kwa miguu.

Hasara tunaijua. Mama ameshikwa uchungu usiku, gari limeishia mbali, anabebwa. Nyumba inaungua, maji hayafiki.

Nyumba ya tope huanguka ikajengwa tena, lakini mtaa uliokosea hudumu vizazi. Kwa hiyo kabla ya kukata shamba la mikorosho, jirani na jirani wakubaliane njia ya kupita hadi ng'ambo. Mita chache leo ni nafuu kuliko kubomoa kesho.

Nawasilisha. Wana Masasi na Newala, mnasemaje?