Miaka 11 ya kungojea toleo moja: historia ya rdiff-backup

Nikiulizwa ni programu gani bora ya kuweka nakala za akiba (wengi wetu tunaziita tu bakapu), huwa najibu kwa swali: ni nani anayeitunza hiyo programu? Programu ya kucheza muziki ikiachwa na wenyewe, unapakua nyingine na nyimbo zako zipo palepale. Programu ya bakapu ikiachwa, inakubakishia diski iliyojaa kazi ya miaka, na huenda ni yeye peke yake ajuaye kuisoma. Kwa hiyo leo tupitie historia ya mradi mmoja wa kujitolea, rdiff-backup.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1996, Andrew Tridgell (yule wa Samba) na Paul Mackerras, wote wawili wakiwa Australia, walitoa programu iitwayo rsync. Tatizo walilolitatua ni hili: una faili kubwa kwenye mashine mbili, ya upande mmoja imebadilika kidogo, na laini inayounganisha mashine hizo ni ya kobe. Utatuma faili nzima? Jibu lao lilikuwa la werevu. Mashine yenye faili ya zamani inaikata vipande, kisha inapigia kila kipande hesabu mbili, moja nyepesi ya haraka na nyingine nzito ya uhakika. Hesabu hizo ndizo zinazotumwa ng'ambo. Mashine yenye faili mpya inaipitia baiti kwa baiti ikitafuta vipande vinavyolingana na hesabu hizo. Kinacholingana hakitumwi tena. Kinachosafiri ni mabadiliko tu.

Hapa kwetu jambo hilo halikuwa la kinadharia. Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na kila megabaiti iliuma mfukoni.

Mbinu hiyo ya rsync iliwekwa na Martin Pool katika maktaba ya programu iitwayo librsync, ili waandishi wengine wa programu waitumie. Mwaka 2001 Ben Escoto akaichukua, akaandika rdiff-backup kwa lugha ya Python na kuitoa chini ya leseni ya GPL.

Wazo lake lilikuwa kugeuza mambo kinyume. Mifumo mingi ya bakapu huanza na nakala kamili ya zamani, kisha huongeza mabadiliko juu yake siku baada ya siku. Ukitaka faili ya jana, lazima uanzie mwanzo na kupanda ngazi zote. Escoto aliamua kwamba nakala kamili iwe ile ya mwisho kabisa, nayo ikae kwenye diski kama faili za kawaida, kwa majina yake na folda zake. Historia ndiyo inayobanwa na kuwekwa pembeni, katika folda iitwayo rdiff-backup-data. Humo mna maelekezo ya kurudi nyuma: ili upate faili ilivyokuwa wiki iliyopita, chukua ya leo ubadilishe hapa na hapa.

Faida yake ni kubwa. Hata programu yenyewe ikipotea duniani, nakala yako ya mwisho unaisoma kwa amri ya kawaida ya kunakili faili. Kumbukeni hilo, maana lina umuhimu mbele.

Sasa kazi yenyewe ya utunzaji. Mtu akisikia "kutunza programu huria" hudhani ni kuongeza mambo mapya. Kwenye bakapu, sehemu kubwa ni kupigana na vijambo vidogo. Mfano, Linux inaruhusu jina la faili liwe na nukta mbili, lakini Windows hairuhusu. Basi ukinakili kwenda diski ya aina hiyo, rdiff-backup huandika ;058 mahali pa nukta mbili, kisha wakati wa kurejesha hurudisha jina la asili. Ongeza hapo ruhusa za faili, wenye faili, viungo, na mambo ya Mac. Kila kimoja kinaweza kukosewa, na ukikosea hakuna anayegundua hadi siku mtu amepoteza diski yake na anarejesha.

Escoto alipong'atuka, usukani ulishikwa na Dean Gaudet, kisha Andrew Ferguson. Wakati wa Ferguson, Machi 2009, likatoka toleo 1.2.8. Baada ya hapo toleo thabiti jingine halikuonekana kwa miaka 11.

Programu haikufa lakini. Watu waliendelea kuitumia kwa sababu ilifanya kazi. Ila programu haiishi peke yake kisiwani. Mwaka 2015 librsync ilitoa toleo 1.0.0 lililobadilisha hesabu ile nzito, kwa kuwa ile ya zamani, MD4, ilikuwa dhaifu kiusalama. Mabadiliko hayo yalivunja rdiff-backup. Watunzaji wa vifurushi katika Debian na Fedora wakalazimika kutia viraka vyao wenyewe, maana hapakuwa na toleo jipya la kuvipokea.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa Python. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, miezi mitatu tu kabla ya 1.2.8, na rdiff-backup ilikuwa imeandikwa kwa Python 2. Siku ya mwisho ya Python 2 ilitangazwa: 1 Januari 2020. Baada ya hapo Linux zingeanza kuiondoa, na kila kinachoitegemea kingeondoka nayo.

Mwaka 2019 kikundi kidogo kikajitokeza. Walikuwemo Otto Kekäläinen wa Finland, Patrik Dufresne aliyekuwa akiitunza Rdiffweb, ambayo hutumia rdiff-backup, na Eric Zolf aliyebeba mzigo mkubwa wa kuihamisha kwenda Python 3. Msidhani ni kazi ya kubadilisha amri chache. Python 2 haikutofautisha sana maandishi na baiti, lakini Python 3 inatofautisha kabisa. Kwenye Linux jina la faili ni baiti tu, na si lazima ziwe maandishi halali ya lugha yoyote. Programu ya bakapu ikilichukua jina kama maandishi, faili yenye jina la ajabu itaikwamisha au itahifadhiwa kwa jina lisilo lake. Ilibidi kupitia programu nzima, na kujenga majaribio yanayojiendesha yenyewe ili kila badiliko lipimwe kabla ya kukubaliwa.

Toleo 2.0.0 lilitoka Machi 2020. Upande wa mtandao, mashine yenye toleo jipya haikuweza kuzungumza na yenye toleo la zamani, hivyo wenye seva nyingi walipaswa kubadilisha pande zote mbili. Lakini nakala za zamani zilizokuwa kwenye diski ziliendelea kusomeka. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliookoa mradi. Mtumiaji atavumilia usumbufu wa kuhama, ila hatasamehe kupoteza historia yake.

Miradi mingine ilikwenda njia tofauti. Attic ya Jonas Borgström iligawanyika mwaka 2015, baadhi ya wachangiaji wakitaka mwendo wa kasi zaidi, na hapo ikazaliwa Borg. Lars Wirzenius, mwandishi wa Obnam, alitangaza Agosti 2017 kwamba anaistaafisha, kwani kazi ile haikumfurahisha tena, akawashauri watumiaji wahamie kwingine. Wengine walimlaumu. Mimi namheshimu, maana kusema wazi ni bora kuliko kunyamaza miaka huku watu wakiendelea kukuamini na faili zao.

Basi ukichagua programu ya bakapu, angalia vitu vitatu. Leseni inamruhusu mtu mwingine kuipokea mwenyewe akichoka? Nakala zake zinasomeka bila yeye, au angalau muundo wake umeandikwa mahali? Na wanaoitunza ni wangapi? Rdiff-backup ilifaulu mawili ya kwanza na kuyumba kwenye la tatu, na ndiyo maana ilisubiri miaka 11 badala ya kuzikwa.

Nanyi mnaojua Python kidogo, hata kurejesha faili kutoka bakapu ya zamani na kuwaeleza watunzaji kilichoharibika ni mchango. Kazi hiyo siku zote haina watu wa kutosha.

Haya, hadi wakati mwingine. Na leo kabla ya kulala, jaribu kurejesha faili moja.