Jinsi Kifafa Kilivyoanza Kuonekana: Stockholm, Huddinge na Mahenge

Hallunda ni kitongoji cha manispaa ya Botkyrka, takribani kilomita 20 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Stockholm, kilichopanuka wakati wa mpango wa Sweden wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974, na treni ya chini ya ardhi ikakifikia mwaka 1975. Leo zaidi ya nusu ya wakazi wa Botkyrka ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji, na Waafrika Mashariki wamo miongoni mwao. Katika manispaa jirani, eneo la Flemingsberg, hospitali ya Huddinge ilifunguliwa mwaka 1972, na mwaka 2004 iliunganishwa na Hospitali ya Karolinska ya Solna, iliyo upande wa pili wa jiji, zikawa hospitali moja ya chuo kikuu. Mgonjwa wa kifafa anayeishi Hallunda, kwa hiyo, ni jirani wa asasi ambamo mojawapo ya sura muhimu za historia ya ugonjwa wake iliandikwa, yaani sura ya namna kifafa, maradhi yaliyojulikana kwa kuanguka na kutetemeka kwa mwili, kilivyoanza kuonekana ndani ya ubongo wa mtu aliye hai na aliyetulia.

Kifafa hutokea pale kundi la seli za neva linapofyatua umeme kwa pamoja na kupita kiasi, ama katika ubongo mzima, ama katika sehemu moja ambayo madaktari huiita kiini cha kifafa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mgonjwa ambaye dawa hazimsaidii, kwa sababu kiini kikijulikana mahali kilipo, daktari anaweza kufikiria kukiondoa kwa upasuaji, na kisipojulikana hakuna mpasuaji mwenye busara atakayefungua fuvu kwa kubahatisha. Mwaka 1929 Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, alichapisha mbinu ya kupima umeme wa ubongo kwa vipande vya metali vinavyobandikwa kichwani, na kipimo hicho, EEG, kikawa nguzo ya uchunguzi wa kifafa hadi leo. Lakini EEG husoma umeme uliokwisha kupenya utando, fuvu na ngozi, na kilicho ndani sana humfikia msomaji kikiwa hafifu.

Stockholm ilikuwa na wajuzi wa picha za ubongo muda mrefu kabla ya mashine za kisasa. Katika hospitali ya kale ya Serafimer, Erik Lysholm alisanifu meza na mbinu za eksirei za fuvu, akifanya kazi bega kwa bega na mpasuaji Herbert Olivecrona. Mbinu za wakati huo zilimtesa mgonjwa, kwani hewa iliingizwa katika vyumba vya maji ya ubongo ili vionekane kwenye picha, na kilichoonekana kilikuwa kivuli cha nafasi, wala si ubongo wenyewe. Nafuu ilikuja mwaka 1971, pale Mwingereza Godfrey Hounsfield alipompiga mgonjwa wa kwanza picha za tomografia ya kompyuta, yaani eksirei zinazozunguka kichwa na kukusanywa na kompyuta kuwa vipande vyembamba vya picha. Mwaka 1979 Taasisi ya Karolinska ilimtunuku Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kufikiria hesabu za mbinu hiyo alipokuwa Cape Town. Hata hivyo wagonjwa wengi wa kifafa waliopigwa picha hizo waliambiwa kwamba ubongo wao ni mzima, ilhali walikuwa wakianguka vilevile.

Hapo ndipo swali lilipobadilika. Badala ya kuuliza ni wapi ubongo una kovu, watafiti walianza kuuliza ni wapi haufanyi kazi sawasawa. Chombo chao kilikuwa tomografia ya positroni: mgonjwa hudungwa sindano ya kemikali iliyofungwa na atomu ya mnururisho, atomu hiyo inapooza hutoa positroni, positroni hugongana na elektroni na kuzaa miali miwili inayokwenda pande zinazokabiliana, na pete ya vipokea-miali iliyozunguka kichwa huhesabu kila jozi na kujua ilikotoka. Mjini Los Angeles, kuanzia mwaka 1980, David Kuhl, Jerome Engel na wenzao walionyesha kwamba kati ya shambulio moja na jingine kiini hutumia sukari kidogo kuliko ubongo unaokizunguka. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, ila sehemu iliyofifia pichani mara nyingi ilikuwa pana kuliko kiini chenyewe.

Mtafiti wa Stockholm, Ivanka Savic, alikijia kiini kwa njia nyingine. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva, nayo hushika kwenye vipokezi, yaani vimilango vilivyo juu ya seli. Ni breki ya ubongo, na kwenye vimilango hivyohivyo ndipo hushika dawa za jamii ya benzodiazepini kama diazepamu, ambayo wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wameidunga kwa watoto wenye degedege. Kama kiini ni mahali ambapo utulizaji umepungua, basi vipokezi hivyo huenda vimepungua pia. Kulikuwa na dawa iliyofaa kulijaribu wazo hilo, flumazenili, inayoshika kipokezi bila kumlaza mtu usingizi, na Karolinska walikwisha kuifunga na kaboni-11 na kuitumia kwa binadamu kufikia mwaka 1985.

Kazi yenyewe ilidai haraka na utulivu kwa pamoja. Nusu ya kaboni-11 huoza katika dakika 20, hivyo haiagizwi kutoka mbali wala kuwekwa akiba, bali hutengenezwa na saiklotroni iliyo jirani, husafishwa upesi na kupelekwa chumba cha mgonjwa ikiwa bado ina nguvu. Mgonjwa naye alifungwa kichwa katika kofia ya plasta iliyofinyangwa kwa umbo lake mwenyewe, mbinu iliyobuniwa Karolinska, ili kichwa kisisogee na ili picha za mashine tofauti ziweze kulinganishwa kipande kwa kipande. Mwaka 1988 Savic, pamoja na Anders Persson, Per Roland, Stefan Pauli, Göran Sedvall na Lennart Widén, walichapisha matokeo katika jarida la Lancet: wagonjwa 10 wenye kifafa cha sehemu moja walikuwa na vipokezi vichache katika kiini kuliko katika sehemu kama hiyo ya upande wa pili wa ubongo. Kwa mara ya kwanza upungufu wa breki ulionekana kwa mtu aliye hai.

Miaka mitano baadaye, katika utafiti uliolinganisha mbinu mbili, ilidhihirika kwamba picha ya flumazenili huchora eneo dogo zaidi kuliko picha ya sukari, jambo lenye thamani kubwa kwa mpasuaji ambaye kila sentimita anayoiacha ni kumbukumbu au usemi wa mtu. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba picha haikujua peke yake pa kutazama. Daktari alikuwa amekwisha kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake wakieleza dalili za mwanzo, na EEG ilikuwa imekwisha kuonyesha upande. Wanaoisimulia historia hii kana kwamba ni ya mashine tupu huiacha nusu yake.

Savic aliendelea kuchunguza kifafa kwa miongo miwili zaidi. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitumia sumaku kupima kemikali za ubongo kwa vijana wenye aina ya kifafa inayorusha mikono asubuhi, wakakuta dalili za hitilafu katika sehemu ya mbele ya ubongo ambayo picha za kawaida ziliiona nzima. Mwaka 2004 walionyesha upungufu wa vipokezi vya serotonini, kemikali inayohusika na hisia, kwa wenye kifafa cha pande la panja, na hapo ikawa rahisi kuelewa kwa nini wagonjwa wengi wa aina hiyo huandamwa na sonona. Umaarufu wake nje ya hospitali ulitokana na mambo mengine, yaani tafiti za harufu, jinsia na ubongo, ambazo magazeti yalizikimbilia kuliko vipokezi vyote vya kifafa, na baadaye tafiti za watu waliochoshwa na kazi hadi ubongo wao ukaonyesha mabadiliko. Magazeti yana njaa yake.

Wakati Stockholm ikihesabu vipokezi, Mahenge, katika wilaya ya Ulanga nchini Tanzania, ilikuwa na historia yake ya kifafa iliyoanza bila mashine yoyote. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko mwaka 1960, akawakuta Wapogoro, wenyeji wa huko, wenye ugonjwa huo wametengwa kwa kuogopwa kuwa wanaambukiza, wengi wakiwa na makovu ya kuangukia moto, akaanza kuwapa fenobabitali. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1965 katika jarida la Skandinavia la magonjwa ya akili, yakiwamo ya watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia. Mwaka 1992 yeye na mtafiti mwenzake Henry Rwiza walitoa taarifa ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki. Mwaka huohuo uchunguzi ulioongozwa na Rwiza ulikuta Ulanga ikiwa na wagonjwa 10.2 kwa kila watu 1,000.

Picha zilipofika Tanzania zilionyesha vitu ambavyo Stockholm haikuwa ikivitafuta. Mtafiti Andrea Winkler na wenzake, wakiwachunguza wagonjwa wa kifafa wa hospitali ya Haydom kwa tomografia ya kompyuta, walitangaza mwaka 2009 kwamba takribani 18 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za malengelenge ya mabuu ya tegu wa nguruwe katika ubongo, ugonjwa unaozuilika kwa choo na ukaguzi wa nyama. Mwaka mmoja kabla, picha za sumaku za baadhi ya watoto wa Mahenge wanaotikisa kichwa zilionyesha makovu na hitilafu za hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, lakini hazikutaja chanzo. Chanzo kinachoshukiwa zaidi kilidokezwa na ramani ya vijiji: kifafa kilikuwa kingi palipo na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi weusi wa mito iendayo kasi, na ndiyo maana Mahenge ilianza kugawiwa ivermectini, dawa ya minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja.