Vita ya Kondoa na mti wa kwinini

Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mizinga iliunguruma kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Kondoa. Wageni wanaofika wilayani humu hukimbilia Kolo kutazama michoro ya miambani, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na hawakosei. Ila habari ya 1916 hakuna anayewasimulia, nayo ni habari ya dawa ya mitishamba kama ilivyo habari ya bunduki.

Jenerali Jaap van Deventer, wa upande wa Waingereza, aliingia Kondoa Aprili 19 mwaka huo na wapanda farasi wa Afrika Kusini, akitokea Arusha. Masika ilikuwa imekolea. Njia zikageuka tope, chakula kikakwama nyuma, farasi wakafa kwa maradhi na uchovu. Askari wakalala na njaa, wanatetemeka kwa homa. Usiku wa Mei 9, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akawavamia, akarudishwa nyuma, kisha majeshi mawili yakabaki yanatazamana hadi Juni, yakisumbuliwa na malaria na kuhara.

Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini na dawa za Ulaya haziingii. Walichokuwa nacho ni mikwinini ya Amani, kule Usambara, kwenye kituo cha utafiti kilichofunguliwa 1902. Katika kumbukumbu alizoziandika baada ya vita, Lettow-Vorbeck anavisifia vidonge vilivyotengenezwa Mpwapwa kwa magome yaliyotoka kaskazini. Mpwapwa, mkoa wetu huu wa Dodoma! Waliporudi nyuma kuelekea kusini, vidonge havikutengenezeka tena. Magome yakawa yanachemshwa sufuriani, na maji yake machungu kupindukia askari wakayabatiza "Lettow-Schnaps", pombe kali ya kamanda wao. Wapagazi, waliokufa wengi mno katika vita ile, kumbukumbu za wakubwa zinawapitia haraka haraka. Jambo hilo linauma.

Mwaka 1942 Japani iliiteka Java, iliyokuwa ikitoa karibu magome yote ya kwinini duniani, na dhiki ikajirudia. Halafu ikaja klorokwini ya viwandani, mti ukasahaulika.

Mkwinini una tabia ngumu. Miti huchavushana, kwa hiyo mbegu za mama mwenye dawa nyingi zinaweza kuzaa watoto wasio na kitu. Kungoja hadi mti ukomae ndipo upime gome ni kupoteza miaka. Hapo ndipo maabara ilipoingia. Mwaustria Haberlandt alitamka tangu 1902, mwaka uleule wa Amani, kwamba chembe moja ya mmea ingeweza kuoteshwa peke yake, ingawa zake hazikugawanyika. Mwaka 1962 Murashige na Skoog, huko Wisconsin, Marekani, wakachapisha fomula ya chakula cha mimea inayotumika hadi leo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 vichipukizi vya mkwinini vilikuwa vimeoteshwa chupani.

Kazi yenyewe inatazamika. Fundi hukata ncha ya kichipukizi, huiosha kwa spiriti na dawa ya klorini kama jiki, kisha huipandikiza kwenye uji mgumu wa mwani wenye chumvi chumvi, gramu 30 hivi za sukari kwa lita na homoni kidogo. Homoni moja ikizidi, machipukizi yanafumuka. Ikizidi nyingine, mizizi inatoka. Kila baada ya wiki nne hivi anagawa upya. Ukungu ukiingia, chupa nzima inamwagwa. Miche ikifika nje, huzoezwa jua polepole, vinginevyo hunyauka siku moja. Wanasayansi walijaribu pia kuzikuza chembe tu, bila mti, ili zitoe kwinini tankini, lakini zilitoa kiasi kidogo mno.

Nchini kwetu miche ya tishu imezoeleka kwenye migomba na mkonge. Dawa za asili zilipata kitengo Muhimbili mwaka 1974 na sheria yake mwaka 2002. Na tangu 2006 malaria tunaitibu kwa dawa mseto, ambayo kiambato chake kimoja kinatokana na artemisia, mmea ulioingia mashambani Arusha na Kenya, na ambao huzalika chupani bila shida.

Huku Kondoa mjafari, ambao waganga huutumia kwa homa, bado unachimbwa mizizi na kuchunwa gome porini. Ardhi hii iliponywa kwa nguvu: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, uchungu ambao wazee hawajausahau. Miti ikarudi. Kuiachia ichunwe hadi ife, ilhali Dodoma ina Chuo Kikuu na lami imefika hadi Kondoa, ni uzembe. Halmashauri ianze na miti michache ya mjafari, iwaulize waganga ni ipi wanayoiamini, ikate ncha na kuzipeleka maabara, kabla mama wenyewe hawajaisha.