Bahasha Isiyopita Posta

Ichukue bahasha ya kadi ya harusi, yoyote ile, ya Dar es Salaam. Haina stempu, haina S.L.P., haina mtaa. Ina jina lililoandikwa kwa kalamu, na mbele yake cheo. Imeletwa kwa mkono na mtu anayeujua mlango, hivyo kilichobaki kwa mwandishi ni kumpa mwalikwa heshima yake.

Desturi hiyo ni kongwe kuliko bahasha yenyewe. Watu wa pwani walipokuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu, barua ilianza kwa mlolongo: ila janabi, sheikh, al-muhibb, al-akram, ndipo jina, na nyuma ya jina dua ya kumwombea salama. Mwanazuoni Mjerumani C. G. Büttner alichapisha barua na nyaraka nyingi za Kiswahili za herufi hizo mwaka 1892. Msomaji wa leo huchoka kabla hajaifikia habari. Mwandishi wa wakati ule hakuthubutu kupunguza, maana kila neno lililoachwa lilimshusha mtu ngazi moja. Alipokaa mpokeaji, hilo lilikuwa la tarishi.

Unguja ilikuwa na posta iliyoendeshwa kutoka Uhindi tangu 1875, lakini harusi haikuingojea. Walitumwa wanawake kupiga hodi nyumba hadi nyumba, na mpaka leo wapo wasiouhesabu mwaliko wa kukutana njiani.

Bara, siasa iliingia hadi kwenye bahasha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, waziri alikuwa Ndugu, karani naye Ndugu. Sijui nafuu kubwa kuliko hiyo kwa mwandika bahasha. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ngazi nazo zilirudi, na “Mheshimiwa” akapanda ya juu kabisa.

Wachapaji wa kadi wamejikinga. Ndani wanapiga chapa vyeo vyote kwa mstari mmoja, Mhe./Prof./Dkt./Bw./Bi./Ndugu, halafu nukta nukta za kujazia jina. Inatakiwa ukate visivyohusika. Wengi hawakati, na mwalikwa hubaki profesa na bibi kwa pamoja. Pembeni kuna neno zito kuliko vyote: “Single” au “Double”, yaani mchango wako umenunua viti vingapi.

Niliwahi kukaa na kamati tukiandika bahasha kutoka kwenye daftari la michango. Majina yalikuwa kama yalivyohifadhiwa kwenye simu: Fundi Tabata, Baba Juma wa Benki, Mama Neema. Fundi tulimpata jina. Mama Neema, hakuna aliyemjua kwa jina lingine, na kumpigia kumuuliza ingekuwa aibu kuliko kukosea. Tukaandika “Mama Neema”, ndani “Double”. Alikuja na Neema.